Moroko: Marrakech ni mji mzuri, lakini uliza bei kwanza

Marrakech ni kati ya miji ya Afrika inayovuta watalii wengi zaidi. Picha zake ziko kila pahali: kuta nyekundu, punda wanaobeba mizigo, taa za shaba, watu wanaokunywa chai juu ya paa na milima yenye theluji nyuma yao. Picha hizo ni za kweli. Lakini hazionyeshi kijana anayekufuata dakika kumi akisema njia imefungwa, wala mama anayekushika mkono na kuanza kukupaka hina kabla hujaitika, wala namna mtu mweusi anavyotazamwa sokoni kabla hajafungua mdomo.

Kwetu Kongo, Moroko si nchi ya mbali tena. Wanafunzi wetu wanasoma kule, wafanyabiashara wanapita kule, na Léopards walikuwa kati ya timu zilizocheza CAN ya 2025 katika viwanja vya Moroko. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka askari wa Moroko waliotumwa Shaba mwaka wa 1977, na Marshali Mobutu alifariki Rabat, tarehe 7 mwezi wa tisa 1997. Mtu akiwa na siku mbili tatu za kupumzika, jina la kwanza analosikia ni Marrakech. Je, mji huo unastahili sifa zake? Ndiyo, kwa sharti moja: mgeni ajue mapema unavyofanya kazi.

Kufika na kubadilisha pesa

Ndege kutoka Kinshasa inateremka Casablanca. Toka hapo, treni inafika Marrakech kwa muda wa masaa mawili na nusu hivi, au zaidi kidogo. Treni ni kati ya vitu vichache vya safari hii ambavyo bei yake haijadiliwi: unanunua tiketi, unakaa, unafika. Kwa visa, ni vizuri kuuliza ubalozi wa Moroko Kinshasa kabla ya kulipa tiketi ya ndege, kwa sababu masharti hubadilika na maneno ya mawakala wa safari hayatoshi.

Pesa ya nchi ni dirham. Dola moja ya Marekani ni karibu dirham 9 au 10, na dirham haipatikani kirahisi nje ya Moroko, kwa hiyo unabadilisha ukisha fika. Franka ya Kongo haitakusaidia. Beba dola au euro safi, zisizopasuka, na ubadilishe kidogo kidogo. Tena tafuta noti ndogo na sarafu, kwa sababu mtu aliye na noti ya 200 tu mkononi atasikia mara nyingi kwamba chenji hakuna.

Jaribio la kwanza linangoja nje ya kituo cha treni au uwanja wa ndege, na linaitwa teksi. Teksi ndogo za Marrakech zinapashwa kutumia mashine ya kuhesabu bei, ile tunayoita compteur. Madereva wengi wanasema imeharibika, kisha wanataja bei mara tatu au nne ya ile ya haki. Dawa yake ni rahisi: usiingie ndani kabla ya kukubaliana, na kama dereva anakataa mashine na bei ni ya kupita kiasi, achana naye. Nyuma yake kuna mwingine. Ujue pia kwamba usiku bei ya mashine inapanda kwa nusu, na hiyo ni sheria, si wizi.

Uwanja wa Jemaa el-Fna

Kitovu cha mji ni uwanja mkubwa unaoitwa Jemaa el-Fna. Mchana ni pahali pa juisi ya machungwa, wachezesha nyoka, wapaka hina na wauza dawa za mitishamba. Jua likishuka, moshi wa nyama choma unapanda, meza za chakula zinapangwa kwa safu na namba zake, ngoma zinaanza, na watu wanakuja kwa mamia. Wengi wao ni Wamoroko wenyewe, familia zilizotoka kupunga upepo. Mtu aliyezoea kelele za soko la Virunga kule Goma au la Kadutu kule Bukavu hatashangaa. Atajikuta kama nyumbani, ila hapa kila jicho linatafuta mgeni.

Kanuni ya uwanja ni hii: hakuna kinachotolewa bure, hata kama umeambiwa ni zawadi. Ukipiga picha ya nyoka, unalipa. Wauza maji wenye nguo nyekundu na vikombe vya shaba, ambao zamani walikata kiu ya wapita njia, leo wanaishi kwa kupigwa picha. Mwanamke wa hina atakuambia ni ua dogo tu la kukukaribisha. Mkono ukisha pakwa, bei inatajwa, na haiwi ndogo. Tena hina nyeusi mara nyingi imechanganywa na dawa ya kemikali inayoweza kuunguza ngozi. Hina ya kweli ni ya rangi ya kahawia au nyekundu. Kama hutaki, weka mikono mfukoni, sema « la, shukran » na uendelee kutembea. Kusimama na kujieleza ni kufungua mazungumzo ya bei.

Jambo moja linauma zaidi kuliko pesa. Uwanjani kuna watu wanaotembeza nyani wadogo wa milima ya Atlas, wamefungwa mnyororo shingoni, wengine wamevalishwa nguo za mtoto. Wanyama hao wako katika hatari ya kumalizika porini. Msomaji aliyefika Lwiro, karibu na Bukavu, amewaona sokwe waliotolewa mikononi mwa watu kama hao, na anajua miaka inayohitajika ili mnyama aliyefungwa apone. Kulipa picha ya nyani huyo ni kulipa mnyororo wake. Kwa nyoka ni vivyo hivyo: wengi wamevunjwa meno.

Lakini uwanja una uzito mwingine ambao mtalii wa haraka hauoni. Kwa karne nyingi, watu walikaa hapa kwa duara kusikiliza wasimulizi wa hadithi. Duara hiyo inaitwa halqa. Mwandishi wa Hispania Juan Goytisolo, aliyeishi Marrakech mpaka kufa kwake mwaka wa 2017, alipigania sana uwanja huu usigeuzwe pahali pa kuegesha magari na maduka makubwa. Mwaka wa 2001, UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa maneno na desturi, siyo wa mawe. Leo wasimulizi wamebaki wachache. Hadithi ya Kiarabu cha mtaani haileti euro, nyoka analeta. Hapo ndipo unaona shida ya mji unaoishi kwa wageni: kinachoeleweka na mgeni kinabaki, kinachoeleweka na mwenyeji tu kinapungua.

Kwa chakula, angalia bei iliyoandikwa kabla ya kukaa, na uulize kama mkate na zeituni zinazowekwa mezani bila kuombwa zinalipiwa. Jaribu tanjia, chakula cha Marrakech kabisa: nyama na viungo ndani ya mtungi wa udongo, mtungi unafukiwa katika majivu ya moto unaopasha maji ya hammam, na unaachwa kwa masaa mengi. Nyama inayeyuka mdomoni. Mara nyingi inapatikana katika vijikahawa vidogo vya ndani, pahali wanapokula mafundi na madereva, na kwa bei ndogo kuliko ile ya mikahawa ya juu ya paa.

Vichochoro na viongozi wa uongo

Mji wa kale, unaoitwa medina, umezungukwa na ukuta mwekundu. Ulianzishwa na Waalmoravidi katika karne ya 11, na UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1985. Ndani yake njia ni nyembamba, zinapindapinda, na pikipiki zinapita katikati ya watu bila huruma. Kupotea ni jambo la kawaida, na juu ya kupotea huko biashara nzima imejengwa.

Kijana anakuja na kukuambia: « Mon frère, njia hii imefungwa, uwanja uko upande ule. » Mara nyingi njia haijafungwa. Anakupeleka mbali, mara kwenye duka la rafiki yake, mara kwenye machinjo ya ngozi karibu na Bab Debbagh, pahali ngozi zinapolainishwa katika mashimo yenye kinyesi cha njiwa. Mtu anakupa majani ya mnanaa ya kuweka puani, anaeleza kwa dakika tano, kisha anadai pesa, na kiongozi naye anadai zake. Wakiwa wawili na wewe peke yako katika kichochoro, sauti inapanda.

Msomaji asifikiri kwamba kila Mmoroko ni mdanganyifu. Muuza viungo, fundi wa viatu au mama wa nyumbani anaweza kukuonyesha njia na kuendelea na kazi yake bila kuomba kitu. Tofauti ni hii: anayekusaidia kweli ni yule uliyemwendea wewe, si yule aliyekukimbilia. Kwa hiyo ukipotea, ingia dukani na uulize mwenye duka. Kiongozi wa kweli anabeba kadi ya serikali, na kuna polisi wa utalii wanaozunguka hata bila nguo za kazi. Mara nyingi inatosha kusema neno « polisi » kwa sauti ya utulivu, na yule kijana anaondoka.

Kijana huyo naye ana habari yake. Ni sawa na wale wanaosimama kwenye mpaka au kwenye bandari zetu, wanaobeba mzigo wako kabla hujawaita: hana kazi, na anaona kila siku watu wanaolipa usiku mmoja wa hoteli pesa ambazo yeye hapati kwa mwezi. Kulijua hilo hakukulazimishi kumlipa, lakini kunakusaidia kukataa bila kutukana.

Sokoni, Mkongo ana faida

Katika kupatana bei, mtu wa kwetu ana nguvu kuliko mtalii wa Ulaya. Kwanza anajua Kifaransa, na Kifaransa kinasemwa sana Marrakech. Pili, amekulia katika masoko ambapo bei ya kwanza ni salamu tu. Kanuni ni zile zile: usionyeshe kwamba umependa sana, taja bei yako ukiwa umetulia, cheka, ondoka polepole. Ukiitwa tena, bei imeshuka. Lakini kuna adabu moja: ukisha taja bei na muuzaji akakubali, unanunua. Kurudi nyuma hapo ni kumdharau.

Anayetaka kujua bei ya haki kabla ya kuingia vitani aende kwanza kwenye Ensemble Artisanal, barabara ya Mohammed V. Ni pahali pa mafundi panaposimamiwa na serikali, na bei zimeandikwa. Angalia bei ya babouche, ya mkoba wa ngozi, ya taa, kisha ndiyo uingie sokoni.

Yanayostahili safari

Baada ya kelele hizo zote, kuna saa ambapo Marrakech inamnyamazisha mtu. Mnara wa msikiti wa Koutoubia, uliojengwa na Waalmohadi katika karne ya 12, una urefu wa metre 77 na unaonekana toka mbali. Asiye Mwislamu haingii katika msikiti, lakini Waislamu wetu wa Kasongo au Kindu wanaweza kuswali humo kama mtu yeyote. Shule ya dini ya Ben Youssef, ya karne ya 16, iko wazi kwa wote: vigae, plasta na mbao za mierezi zilizochongwa mpaka jicho linachoka. Kwenda asubuhi sana, kabla ya makundi ya watalii, ni kupata mji mwingine kabisa.

Bustani ya Majorelle nayo ni nzuri, na bluu yake haina mfano. Mchoraji Mfaransa Jacques Majorelle aliianza katika miaka ya 1920, na mwaka wa 1980 Yves Saint Laurent na Pierre Bergé waliinunua. Lakini tiketi ni ghali na watu wanasongamana kupiga picha. Mwenye saa moja tu na pesa kidogo asijilaumu akiiacha.

Jumba la El Badi linastahili kusimama zaidi, ingawa limebaki magofu. Lilijengwa na Sultani Ahmad al-Mansur kuanzia mwaka wa 1578, kwa marmari ya Italia. Sultani huyo huyo alituma jeshi kuvuka Sahara, likavunja ufalme wa Songhai mwaka wa 1591 na kuteka Timbuktu. Dhahabu ililetwa Marrakech, na watu pia. Kati ya mateka alikuwa Ahmed Baba, mwanachuoni mkubwa wa Timbuktu, aliyezuiwa katika mji huu kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa kwao.

Ngozi nyeusi katika mji mwekundu

Hapa ndipo safari ya Mkongo inaachana na ile ya mtalii mwingine. Katika soko la mazulia linaloitwa Criée berbère, wageni wanakunywa chai huku wakionyeshwa mazulia. Pale pale watumwa weusi waliuzwa kwa mnada, mpaka Wafaransa walipochukua utawala mwaka wa 1912. Watu wa Maniema, wanaojua majina ya Nyangwe na Kasongo katika historia ya utumwa wa upande wa mashariki, hawahitaji kuelezwa mengi. Wakisimama hapo wataelewa.

Usiku, kwenye Jemaa el-Fna, utasikia vyuma vikigonga kwa mpigo wa haraka na uzi mzito wa guembri chini yake. Ni Gnawa, muziki wa wazao wa watu walioletwa toka kusini mwa Sahara. UNESCO iliuandika katika orodha yake mwaka wa 2019. Mtalii anauona kama burudani ya kofia zenye simbi. Kwa wenyewe ni ibada ya kuponya, inayochukua usiku mzima nyumbani kwa watu. Mpe mpigaji sarafu zake, amezifanyia kazi, lakini msikilize kwanza.

Na leo? Ukweli ni kwamba Mwafrika mweusi anapokelewa kwa namna mbili. Kuna « mon frère », kuna maswali ya furaha juu ya mpira, kuna kiti na glasi ya chai. Na kuna neno « azzi », tusi la kale kwa mtu mweusi, linaloweza kutupwa na mtoto wa mtaani au na mtu mzima. Mwaka wa 2014, mashirika ya Moroko yenyewe yalifanya kampeni ya kukataa neno hilo. Mwaka huo huo, serikali ilianza kutoa vibali vya kukaa kwa wahamiaji wasiokuwa na karatasi. Hata hivyo, kwa watu wengi, mweusi mtaani ni muuza miwani au mtu anayengoja kuvuka kwenda Ulaya. Kwa hiyo tembea na kopi ya pasipoti na karatasi ya hoteli yako. Na ukikutana na vijana wa Afrika wanaouza vitu kando ya uwanja, wasalimie. Wengi wanaujua mji kuliko kiongozi yeyote, na hawatakudanganya njia.

Nani analipa gharama

Mji unaoishi kwa wageni unawasukuma wenyeji. Toka mwisho wa miaka ya 1990, nyumba nyingi za medina, zile zenye ua ndani zinazoitwa riad, zimenunuliwa na watu wa Ulaya na kugeuzwa nyumba za wageni. Bei zimepanda, familia zimehamia kartie za nje. Nchi imepitia miaka ya ukame mkali. Mwanzoni mwa 2024, hammam za miji kadhaa ziliamriwa kufungwa siku tatu kwa juma ili kupunguza maji, wakati viwanja vya golf pembeni ya Marrakech bado vilikuwa kivutio cha wageni.

Usiku wa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, tetemeko la nguvu ya 6,8 lilipiga milima ya Al Haouz, kusini-magharibi ya mji. Karibu watu 3 000 walikufa, wengi katika vijiji vya mlimani. Ndani ya medina kuta zilianguka, pamoja na mnara wa msikiti mdogo kwenye Jemaa el-Fna. Sisi wa Goma, tuliopoteza nyumba chini ya lava mwaka wa 2002 na 2021, tunajua kinachofuata: kamera zinaondoka, mahema yanabaki. Wamoroko wengi waliwaomba wageni wasikimbie, kwa sababu mgeni akikosekana, mpishi, dereva na fundi wanalala njaa.

Ndiyo sababu shauri letu si kuogopa Marrakech. Nenda mwezi wa tatu, wa nne, wa kumi au wa kumi na moja, kwa sababu katikati ya mwaka joto linapita digrii 40. Siku tatu zinatosha kwa mji wenyewe. Ukiwa na siku ya nne, panda kuelekea Atlas, uone vijiji na kilele cha Toubkal chenye metre 4 167. Nunua kwa fundi mwenyewe, kula pahali wenyeji wanapokula, lipa kiongozi mwenye kadi. Pesa yako itafika mikononi mwa watu wanaoustahili, na mkoba wako utafunguka pale tu ulipotaka ufunguke.